Fiksi moja kubwa au vyeti vidogo vidogo? Maswali yenu ya akiba

Wahariri, salamu. Nauza nguo hapa Busia na nimejiwekea shilingi milioni 24 ambazo nataka kuzifungia mwaka mzima. Ofisa wa benki anasema niweke fiksi moja, yaani amana ya muda maalumu, nipate riba nzuri. Shemeji yangu anasema nigawe vyeti vinne vya milioni 6, ili benki ikifungwa kila cheti kilipwe chenyewe. Nimsikilize nani? *Mfanyabiashara, Busia*

Shemeji yako ana neno, ila sababu aliyoitoa siyo. Mfuko wa Ulinzi wa Amana wa Uganda, unaowalipa wateja benki ikifungwa, hauhesabu vyeti, unahesabu mtu. Kinga yake ni shilingi milioni 10 kwa kila mwenye amana katika kila taasisi. Vyeti vinne, akaunti ya akiba na akaunti ya hundi, vyote vikiwa kwa jina lako katika benki moja, vinajumlishwa kwanza, kisha kinatazamwa hicho kikomo cha milioni 10. Matawi nayo hayasaidii: tawi la Busia na la Tororo ni benki ile ile. Kinachozidi milioni 10 kinasubiri mali za benki ziuzwe na madeni yake yakusanywe, na hapo hakuna anayekuahidi tarehe wala kiasi.

Wengi wametulizwa na yaliyotokea Crane Bank ilipoanguka, ambapo amana zilihamishiwa benki ya dfcu Januari 2017 na wateja wakaendelea kutoa fedha zao. Si kila mara hupatikana mnunuzi. EFC Uganda, taasisi ndogo ya fedha, ilipofungwa Januari 2024, ni Mfuko uliowalipa wateja, na kikomo kilikuwa hicho hicho.

Kwa hiyo kama hofu yako ni benki kufungwa, gawa fedha kwa benki tatu, milioni 8 kila moja. Usijaze milioni 10 kamili. Acha nafasi ya riba na ya salio dogo la akaunti utakayolipiwa riba hiyo.

Sasa tuje kwenye faida ya kweli ya vyeti vidogo ndani ya benki moja. Fiksi huvunjwa nzima. Kwa kawaida benki haikubali umege milioni 5 kutoka kwenye cheti cha milioni 24 na kuacha nyingine ziendelee. Tuchukue mfano: benki inakupa asilimia 10 kwa milioni 24, lakini asilimia 9 kwa cheti cha milioni 6, kwa sababu nguvu ya kujadiliana riba huja na ukubwa wa fedha.

Cheti kimoja kinazaa riba ya 2,400,000 kwa mwaka. Toa kodi ya zuio, ile inayokatwa kwenye riba kabla hujalipwa, ya asilimia 15, yaani 360,000, unabaki na 2,040,000. Vyeti vinne kwa asilimia 9 vinazaa 2,160,000. Ukitoa kodi ya 324,000 unabaki na 1,836,000. Kugawa kumekugharimu 204,000.

Ikifika mwezi wa nane ukahitaji milioni 5 za kuagiza mzigo, na benki yako ni ya zile zinazofuta riba yote kwa anayevunja mapema, cheti kimoja kinakupotezea 1,360,000 baada ya kodi. Ukiwa na vyeti vinne unavunja kimoja tu, unapoteza 306,000, na vitatu vinaendelea. Hiyo 204,000 ndiyo bei ya kuweza kuvunja kipande. Mwenye duka, tunaona, alipe bei hiyo. Mwenye mshahara na akiba nyingine pembeni hana haja nayo.

Kabla ya kukubali, mwambie ofisa hivi: milioni zote 24 zinaingia siku moja, zitaandikwa vyeti vinne, nataka riba ya milioni 24. Mameneja wengine wa tawi hukubali, na ile hasara inatoweka.

Nimeshagawa vyeti vitatu vya miezi 12, vyote vinaiva siku moja. Mwenzangu ananicheka. Kosa liko wapi? *Mwalimu, Arua*

Umepata uwezo wa kuvunja kipande, lakini hukupata tarehe. Ukiwa na watoto shuleni, panga vyeti kwa mihula: kimoja kiive mwisho wa Januari, kingine katikati ya Mei, cha tatu mwisho wa Agosti, kila kimoja kikitangulia kufunguliwa kwa shule kwa wiki moja au mbili. Mwaka wa kwanza baadhi vitakuwa vya miezi michache na riba yake itakuwa ndogo. Kila kimoja kikiiva, toa karo, kisha kifungie kilichobaki miezi 12. Kuanzia mwaka wa pili vyote vinapata riba ya mwaka na bado kimoja kinaiva kila muhula. Angalia kalenda: cheti kikiiva Jumamosi au sikukuu, fedha huonekana siku ya kazi inayofuata, na bwana fedha wa shule hangoji.

Nilichelewa siku tatu tu kwenda benki baada ya fiksi yangu kuiva. Nikaambiwa imejifungia tena miezi sita, kwa riba ndogo kuliko ya mwanzo. Hii ni haki? *Msomaji, Mbale*

Ni uchungu, lakini mara nyingi iko kwenye fomu uliyosaini. Pasipokuwa na maagizo, benki nyingi hufunga upya kwa muda ule ule, na hutumia riba ya kaunta ya siku hiyo, yaani ile ya kawaida kwa mteja yeyote. Ile uliyojadiliana na meneja ilikufa na cheti cha kwanza. Nenda sasa hivi na barua. Siku za mwanzo wengi huifungua bila adhabu, kwani riba yenyewe bado ni kidogo. Ukingoja mwezi, maneno yatakuwa mengine.

Safari ijayo, siku ya kufungua andika kwenye fomu mojawapo ya maagizo matatu: mtaji na riba viende akaunti ya akiba, mtaji ufungwe tena na riba itoke, au vyote vifungwe tena. Mwenye vyeti vingi tunamshauri achague la kwanza kwa vyote. Ni usumbufu kidogo, lakini kila mara unapata nafasi ya kuuliza riba upya. Weka daftari lenye namba ya cheti, kiasi, riba, tarehe ya kuiva na maagizo uliyoandika. Vyeti vitano bila daftari ni kutafuta hasara.

Nikikwama kabla ya cheti kuiva, lazima nivunje? *Msomaji, Gulu*

Hapana. Uliza mkopo unaodhaminiwa na cheti chenyewe. Benki nyingi hutoa sehemu kubwa ya thamani yake, na hakuna haja ya hati ya ardhi. Chukua cheti cha milioni 6 kwa asilimia 9, kimebakiza miezi miwili. Kukivunja kunaweza kukupotezea 382,500 baada ya kodi. Kukopa milioni 4 kwa miezi miwili kwa asilimia 14 kunagharimu riba ya takriban 93,300 na ada za benki. Mwanzoni mwa muda hesabu hugeuka: cheti cha mwezi mmoja, vunja tu. Ila soma fomu kwanza uone kama adhabu inaishia kwenye riba au inagusa mtaji.

SACCO yetu inatoa riba kubwa kuliko benki. Nayo ina kinga ya milioni 10? *Mkulima, Kasese*

Haina. Mfuko unalinda wateja wa benki, taasisi za mikopo na taasisi ndogo za fedha zinazopokea amana kwa leseni ya Benki Kuu ya Uganda.

Kwa nini nisinunue hati fungani za muda mfupi za serikali (treasury bills) badala ya fiksi? *Msomaji, Jinja*

Zitazame, kwani unaweza kuanza na shilingi 100,000, na muda ni siku 91, 182 au 364. Ila linganisha baada ya kodi: huko kodi ya zuio ni asilimia 20, si 15. Asilimia 12 ya serikali inakuachia 9.6, asilimia 11 ya fiksi inakuachia 9.35.

Nimemwandika mke wangu kama ndugu wa karibu kwenye vyeti vyote. Nikifa atalipwa moja kwa moja? *Mstaafu, Bombo*

Hapana, mzee. Sehemu hiyo ya fomu inaiambia benki nani wa kupigiwa simu. Kulipwa kunahitaji amri ya mahakama ya kusimamia mirathi, na kama huna wasia, kwa kawaida familia huanzia kwa Msimamizi Mkuu wa Mirathi kupata barua ya kutokuwa na pingamizi. Vyeti vikiwa katika benki nne, amri hiyo itapelekwa kote nne. Hakikisha jina lako limeandikwa sawasawa kila mahali, kama lilivyo kwenye kitambulisho cha taifa. Herufi moja ikitofautiana, benki itataka kiapo.