Kabla Hujapandisha Hema Juu ya Gari, Lipigie Paa Hesabu

Ilianza kama panya anayetafuna mbao. Kila gari lilipozama kwenye shimo nasikia kri, kri, juu ya kichwa changu upande wa dereva. Nikaongeza sauti ya redio (usifanye hivyo). Siku ya tatu ndipo nilipopanda juu ya tairi, tochi mdomoni. Bolti moja ya mguu wa keria, ile fremu ya juu ya paa inayobeba hema, haipo. Ya jirani yake inazunguka kwa vidole. Na pale mguu ulipobana mfereji wa mvua wa paa, rangi imepasuka mstari mwembamba kama unywele, kutu imeshaanza kuchungulia.

Nilimlaumu fundi wiki nzima. Kisha nikachukua karatasi na kalamu, nikaona kwamba hata angekaza kwa nguvu za majini, kosa nilikuwa nimeshalifanya kabla sijafika kwake. Kitabu cha gari langu kinaruhusu kilo 100 juu ya paa. Keria ya chuma niliyochomelewa ilikuwa na kilo 48. Hema kilo 62. Hapo tayari nimepita, na sijapakia kitu. Halafu nikafunga madumu mawili ya maji ya lita 20, na lita ya maji ni kilo moja. Nikaongeza jeki ndefu na koleo. Nilikuwa natembea na zaidi ya kilo 160 juu ya bati, huku najisifu kwamba ndani ya gari kuna nafasi.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza hauhusu hema hata kidogo. Fungua kitabu cha gari utafute uzito ambao paa linaruhusiwa kubeba gari likiwa linatembea. Kwa kawaida uzito huo unajumlisha kila kilicho juu, keria yenyewe ikiwemo. Magari mengine hupewa kiwango cha chini zaidi kwa njia mbovu, kwa hiyo soma hadi maandishi madogo. Keria nayo ina kiwango chake. Kati ya hivyo vyote, unafuata kilicho kidogo kuliko vingine.

Hapa kila mtu huuliza swali moja: kama mwisho ni kilo 100, watu wazima wawili watalalaje juu? Watalala vizuri tu. Gari likisimama, mzigo unakandamiza kuelekea chini, umetulia, na paa zima linaubeba pamoja na nguzo zake. Likitembea, mzigo uleule unarushwa juu, unashuka kwa kishindo, unavutwa mbele unapofunga breki na kusukumwa pembeni kwenye kona. Hema la kilo 60 likidunda kwenye korongo linapiga keria kama kitu chenye uzito maradufu. Ndiyo maana paa lililosimama hubeba mara kadhaa ya kile kinachoruhusiwa barabarani. Kinacholiumiza paa ni safari, si usingizi wako.

Nilipoanza upya nilinunua keria ya alumini ya kilo 27 na hema la kilo 55. Jumla 82. Kilo 18 zilizobaki sikuzijaza. Blanketi na mito inayobaki ndani ya hema lililokunjwa ni uzito pia, na turubai lililolowa huongeza kilo ambazo hazikuandikwa popote. Maji, jeki na kila kizito vilirudi chini, karibu na sakafu.

Kuhusu miguu ya keria: magari ya zamani kama Land Rover Defender na Land Cruiser za mfululizo wa 70 yana mifereji ya mvua pembeni mwa paa, na miguu hubana hapo. Chagua miguu sita au minane badala ya minne, ili kila mguu ubebe kidogo. Magari mengi mapya hayana mfereji ila yana matundu ya kiwandani yaliyofichwa chini ya utepe wa plastiki. Tumia hayohayo. Fundi akikuambia "tutoboe paa tupige bolti", muage kwa adabu.

Bolti sasa, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo safari huharibikia. Bolti za chuma kisichoshika kutu zikigusana na alumini penye unyevunyevu, alumini ndiyo inayoliwa. Weka washa (pete bapa) za plastiki katikati. Bolti hizohizo ukizikaza kwa mashine ya kasi, nyuzi za bolti na nati hung'ang'aniana mpaka ukate kwa msumeno. Paka grisi maalumu ya kuzuia kung'ang'ania, kaza kwa mkono, malizia kwa spana inayopima nguvu, kwa kiwango kilichoandikwa na mtengenezaji. Nati ziwe zile zenye pete ya plastiki ndani, na ukizifungua weka mpya. Halafu chukua rangi nyeupe, chora mstari mmoja unaopita juu ya nati hadi kwenye chuma kilicho pembeni. Nati ikilegea, mstari unakatika na jicho linaona bila spana. Kagua baada ya kilomita 50 za mwanzo, kisha kila asubuhi ya safari.

Kabla hujafunga hema, fungua mlango wa nyuma hadi mwisho. Wangu unafunguka kwenda juu, na mara ya kwanza uligonga ukingo wa hema. Ikabidi tulisogeze mbele, watu wanne tena, migongo inalia. Lisisogee mbele mpaka lining'inie juu ya kioo, kwa maana upepo utaingia chini yake na kulinyanyua. Hakikisha pia ngazi ikishuka haizibi mlango unaohitaji usiku.

Uendeshaji utabadilika siku hiyohiyo. Gari litayumba zaidi kwenye kona na mafuta yatakwisha haraka. Mimi nilibadilisha springi za nyuma, na ningefanya hivyo mapema. Kimo kipya kipime na kukiandika kwenye kikinga jua mbele ya macho yako. Siku unaingia maegesho yenye dari, hutakumbuka.

Ukifika kambini, egesha gari sawasawa kabla ya kufungua chochote. Ukilala kichwa kikiwa chini utajua saa nane usiku. Acha madirisha ya hema wazi kidogo hata kwa baridi. Pumzi za watu wawili hugeuka maji, na maji hayo hujikusanya chini ya godoro ambako huyaoni. Niliweka wavu mnene wa plastiki kati ya godoro na sakafu, tatizo likapungua sana. Ukilazimika kukunja hema likiwa limelowa, lifungue ukifika nyumbani, siku hiyohiyo, hata kama umechoka. Kuvu haikusubiri upumzike.

Kusipokuwa na safari mimi hulishusha. Ni kazi, lakini gari linanishukuru.

Ule ufa kwenye mfereji ulisagwa, ukachomelewa na kupakwa rangi, na siku hizi lazima nikuonyeshe ndipo uuone. Kila asubuhi ya safari bado napanda juu ya tairi kuangalia mistari myeupe. Safari iliyopita mmoja ulikuwa umehama milimita mbili hivi. Nikashuka nikachukua spana.