Kila mfanyakazi awe na neno lake la siri

Mhariri, wiki hii mmeuliza ni tabia gani moja ya usalama wa kompyuta ambayo mfanyakazi wa ofisi hapaswi kuikosa. Kwangu mimi, ni kila mtu kuingia kwenye kompyuta kwa jina lake na kwa neno la siri analolijua yeye peke yake, na kuifunga skrini kila anaponyanyuka kitini, hata kama anatoka mlangoni tu kununua kahawa.

Nasema hivyo kwa sababu ya jambo nililolishuhudia hapa Tanga, katika ofisi ya uwakala wa forodha nilikokuwa karani wa nyaraka. Kompyuta ya ankara ilikuwa moja, sisi tulikuwa watano, na neno la siri lilikuwa moja, limeandikwa kwa wino mwekundu kwenye kipande cha karatasi kilichobandikwa kwa selotepu chini ya skrini, mahali ambapo hata mteja aliyeketi kwenye benchi akisubiri hati za mzigo wake angeweza kulisoma. Siku moja mteja alipiga simu kuuliza kwa nini ankara yake ilikuwa na namba ya akaunti asiyoizoea. Tunashukuru aliuliza kabla ya kulipa. Tulipofungua kompyuta, saa ambayo ankara ilibadilishwa ilionekana waziwazi, lakini mbele yake palikuwa na jina tulilolitumia sote: "ofisi".

Lawama zilimwangukia kijana aliyekuwa mgeni kuliko sote, kwa kuwa saa ile ndiye aliyebaki ofisini wakati wengine tukiwa bandarini. Hakuwa na cha kujitetea nacho, nasi hatukuwa na cha kumtetea nacho, akaacha kazi mwezi huohuo. Aliyefanya kitendo kile hajajulikana hadi leo. Jambo hilo bado linaniuma, na tangu hapo nimeamini kwamba neno la siri humlinda kwanza mfanyakazi mwenyewe.

Wapo wanaolalamika kuwa maneno ya siri husahaulika, na wana haki pale ofisi inapowalazimisha kuyabadili kila mwezi, kwani mtu huishia kuongeza tarakimu moja mwishoni. NIST, taasisi ya viwango ya Marekani, ilishauri mwaka 2017 kwamba watu wasilazimishwe kubadili neno la siri mara kwa mara pasipo dalili kuwa limevuja. Maneno manne ya kawaida yasiyohusiana, yakiunganishwa, hukumbukwa kwa urahisi na ni magumu kubahatisha kuliko jina la mtoto na mwaka wake wa kuzaliwa. Kufunga skrini nako hakuna kazi: katika Windows unabonyeza kitufe cha Windows pamoja na herufi L.

Tena, kompyuta zetu zimebeba nakala za vitambulisho vya Taifa na namba za simu za wateja, ambazo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inatutaka tuzilinde.

Mwezi uliopita mwenzangu aliyekuwa likizo alinipigia simu: "Dada, nikutajie neno langu la siri, umalizie ile ankara." Nilimwomba asilitaje. Nilimwendea afisa TEHAMA, akanipa ruhusa ya kulifungua jalada lile kwa jina langu, na kabla ya adhuhuri ankara ilikuwa imeshatumwa.