Balbu za Marehemu Baba Bado Zinawaka?

SWALI: Shikamoo mzee. Marehemu baba alikuwa mpiga picha. Sandukuni mwake nimekuta kamera, flashi yenye sahani inayokunjuka kama upepeo, na balbu 9, baadhi nyeupe, baadhi za buluu. Je, bado zinawaka? Binti yangu anaolewa mwezi ujao.
– Mama wa bi harusi, Tanga

JIBU: Marahaba mwanangu, Mungu amrehemu mzee. Barua yako nimeisoma mara mbili, maana kazi hiyo ndiyo iliyonilea. Nilikuwa kijana wa kumbebea mkoba mpiga picha mmoja hapo hapo kwenu, Ngamiani, enzi za harusi za usiku kwa mwanga wa karabai. Karabai ilitosha kulia pilau. Kwa filamu haikufua dafu. Fundi wangu alitoa balbu mfukoni, akailamba kitako ili ishike umeme, akaichomeka, kisha akasubiri. Alisubiri hasa! Balbu huwaka mara moja tu, tena ilikuwa ghali, kwa hiyo hakubonyeza mpaka bibi akae sawa na watoto watulie. Halafu ukumbi mzima ukawa mweupe, na kila mtu akabaki na doa la kijani machoni. Balbu ilitoka ya moto, kioo kimefanya malengelenge, inanuka plastiki iliyoungua, nasi vijana tukaigombania.

Ndani ya kioo mna nyuzi nyembamba za madini na oksijeni. Kama hakijavuja, inaweza kuwaka hata baada ya miaka 50. Baadhi zina kitone cha buluu kwa ndani: kikigeuka waridi, hewa imeingia, usiiwashe, inaweza kupasuka. Yenye ufa vilevile. Za buluu ni kwa filamu ya rangi, nyeupe kwa picha zisizo na rangi.

Kitakachokusumbua ni betri. Flashi nyingi za aina hiyo zilitumia kibetri cha volti 22.5, na siku hizi ni adimu. Sugua kwanza kutu pale betri na balbu zinapogusa flashi. Kamera ikiwa na swichi ya M, yaani ya balbu, iweke hapo. Ikiwa na X peke yake, yaani ya flashi za umeme zisizo na balbu, tumia kasi ya 1/30 ya sekunde, maana balbu huchelewa kidogo kushika moto. Na usiiwashe karibu na uso wa mtu.

Moja ichome kwa majaribio. Mama yako akiwa hai, mwite awepo. Harufu ile ataitambua.