Wanangu wa masjala, acheni kuchapa Gazeti zima

Juma hili nimemkuta mmoja wenu amesimama kando ya printa akisubiri toleo zima la Gazeti Rasmi la Kenya, kurasa themanini na ushei, ilhali ilani aliyoihitaji ilikuwa ya mistari kumi na miwili. Sikumkaripia, kwa kuwa nami niliyafanya hayo miaka mingi nikidhani faili nene ndiyo faili salama.

1. Karatasi haijui kwamba imesahihishwa. Nilipokuwa karani wa mirathi katika ofisi moja hapa Mombasa, nilichapa ilani ambayo jina la marehemu lilikosewa herufi, nikalipigia mstari mwekundu na kuandika pembeni, kwa mwandiko wa kujivuna, "Imekosewa, ianze upya." Wiki tatu baadaye sahihisho likatoka mwanzoni mwa toleo jingine, nalo likawekwa katika tovuti ya Kenya Law, shirika la umma linalochapisha sheria za nchi, wazi kwa kila mtu. Sikutazama, nilikuwa na karatasi yangu. Mzee aliyefungua shauri alipanda matatu kutoka Kilifi mara nne, na kila mara nilimfunulia ukurasa ule ule, pini zake za stepla zimeshaota kutu kwa upepo wa chumvi, nikimwambia, "Mzee wangu, tazama mwenyewe." Akalipia ilani ya pili, akangoja siku nyingine 30 za kusubiri wenye pingamizi, ambazo hakustahili kuzingoja. Aliyeligundua sahihisho ni binti wa mafunzo, ambaye hata meza hakuwa amepewa, alipolitafuta jina la marehemu kwa simu yake akiwa amesimama mlangoni. Mzee aliponiuliza imekuwaje, nilimwagizia kahawa. Hakuinywa.

2. Katika faili andikeni nambari ya ilani, juzuu na tarehe, yatosha kuipata tena mtandaoni.

3. Gazeti hutoka Ijumaa, basi siku hiyo anzeni kwa masahihisho. Msitegemee kutafuta kwa jina pekee, hasa katika matoleo ya zamani yaliyopigwa skani, kwani kompyuta husoma herufi zilizofifia ipendavyo, kama mimi bila miwani.

4. Nakala ikienda mahakamani, chapeni ukurasa huo mmoja na kuambatanisha hati ya uthibitisho wa nakala iliyotoka kwenye kompyuta, ya kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi, ambayo hata mawakili huisahau.

Na zile kurasa themanini, mwenyewe aniletee mezani. Nyuma ni tupu, nami nina orodha ndefu ya faili za kuandika.