Maswali na Majibu ya Wasomaji: Glaida Inapopoteza Mawimbi ya Setilaiti

SWALI: Mhariri, pokea salamu zangu. Ninaishi kaskazini mwa Poland, ambako nimejiunga na klabu ya glaida, yaani ndege zisizo na injini, na mwaka huu ninajiandaa kwa safari ya kilomita 50 inayohitajika ili kupata nishani ya fedha. Hivi karibuni, nikiwa kwenye kimo cha mita 1,400 hivi karibu na mji wa Iława, kompyuta yangu ya safari iliandika kwamba haioni setilaiti, kisha ramani ikaganda. Hali hiyo iliendelea kwa zaidi ya robo saa. Nilipotua, simu yangu ilionyesha mahali nilipo bila shida yoyote, na wenzangu waliokuwa uwanjani walishangaa kusikia habari hiyo. Je, kifaa changu ni kibovu? Na kama ni kizima, rubani afanye nini hali hiyo ikimkuta akiwa mbali na uwanja?
– Msomaji, Poland

JIBU: Ndugu msomaji, kwa maelezo uliyotupatia tunaamini kwamba kifaa chako ni kizima, na ushahidi wenyewe ni hilo lililokushangaza, yaani simu kufanya kazi ardhini ilhali kompyuta ilishindwa angani.

Mawimbi ya GPS hutoka kwenye setilaiti zilizo umbali wa kilomita 20,200 hivi juu ya dunia, na yanapotufikia nguvu yake ni chini ya sehemu moja ya trilioni ya wati. Kuyapokea ni sawa na kumsikiliza mtu anayenong'ona ng'ambo ya uwanja: mashine ya kusaga mahindi ikiwashwa karibu nawe, yule mtu hajanyamaza, ila wewe humsikii tena. Mtambo wa kuvuruga mawimbi hufanya jambo hilo hilo kwa kutoa kelele ya redio kwenye masafa ya megahezi 1,575.42, ambayo ndiyo masafa ya huduma ya kawaida ya GPS. Galileo ya Ulaya hutumia masafa hayo hayo, na GLONASS ya Urusi na BeiDou ya China ziko jirani, kwa hiyo kifaa kinachopokea mifumo yote minne kina nafuu fulani, lakini hakina kinga.

Sasa, kwa nini simu haikuathirika? Mawimbi ya aina hii husafiri kwa mstari ulionyooka, na mviringo wa dunia huyakata. Mtu aliyesimama ardhini hukingwa na mviringo huo, pamoja na misitu na majengo, dhidi ya mtambo ulio kilomita chache tu kutoka alipo. Rubani aliye mita 1,000 juu anaweza kufikiwa na mtambo ulio umbali wa kilomita 130 hivi, na kwenye kimo chako cha mita 1,400 umbali huo unapita kilomita 150. Kutoka Iława hadi mpaka wa Kaliningrad, eneo la Urusi lililo kando ya Bahari ya Baltiki, hakufiki kilomita 100. Kadiri unavyopanda vizuri, ndivyo unavyozidi kujiweka wazi kwa kelele hiyo, na wenzako waliobaki uwanjani hawawezi kuiona dalili yake hata kidogo.

Tatizo hili katika eneo la Baltiki si dogo wala si la vyombo vidogo pekee. Mwishoni mwa Aprili 2024, ndege mbili za abiria za shirika la Finnair zilizokuwa zikienda Tartu, nchini Estonia, zililazimika kurudi Helsinki kwa sababu njia ya kutua katika uwanja huo ilitegemea GPS. Baadaye shirika hilo likasitisha safari za Tartu kwa mwezi mzima hadi njia nyingine ya kutua ilipoandaliwa. Serikali ya Estonia iliilaumu Urusi waziwazi.

Hata hivyo, kabla ya kuulaumu mtambo wa mbali, kikague chombo chako. Kiunzi cha nyuzi za kioo hupitisha mawimbi ya redio, lakini nyuzi za kaboni huyazuia, na antena iliyofichwa chini ya paneli ya kaboni itaona kipande kidogo tu cha anga. Kebo iliyolegea, betri inayoishiwa nguvu, chaja ya bei rahisi ya USB au kamera iliyobandikwa karibu na antena vinaweza kuleta dalili zile zile. Namna nyepesi ya kutofautisha ni kuuliza kwenye redio. Ikiwa glaida zote zilizo katika eneo hilo zimepoteza setilaiti kwa wakati mmoja, chanzo kiko nje. Ikiwa ni wewe peke yako, fungua paneli ukishatua.

Kuhusu la kufanya ukiwa angani, jambo la kwanza ni kuendelea kuirusha ndege. Kipima mwendo, altimita (kipima kimo) na variomita (kipima kasi ya kupanda na kushuka) hufanya kazi kwa mgandamizo wa hewa, na ule uzi wa sufi uliobandikwa kwenye kioo mbele ya macho yako hauhitaji setilaiti yoyote ili kukuonyesha kwamba ndege inateleza upande. Glaida haijapoteza chochote kinachoiweka hewani. Hatari tunayoiogopa zaidi ni ya rubani anayeinamisha kichwa na kubonyeza vitufe, akizima na kuwasha kompyuta, huku akizunguka katika mkondo mmoja wa hewa inayopanda pamoja na glaida nyingine tatu. Kiache kifaa. Tazama nje.

Kisha itazame saa, na uandike kwenye ramani ya karatasi muda huo na mahali pa mwisho unapopafahamu kwa hakika. Hapa ndipo tunapotaka kusisitiza, kwa sababu mambo yote yanayofuata yanategemea kama ulijua ulipo dakika moja kabla ya kompyuta kunyamaza. Ramani iliyokunjwa ndani ya mfuko wa pembeni haisaidii kitu. Inapaswa kuwa juu ya paja tangu kuruka, ikiwa imekunjwa kuonyesha eneo la safari, na njia yako imechorwa kwa kalamu. Kwenye ramani ya kipimo cha 1 kwa 500,000, sentimita moja ni kilomita tano, kwa hiyo safari yako yote ya nishani ni sentimita kumi tu za karatasi. Kila baada ya dakika chache, hata kompyuta ikiwa nzima, tafuta ardhini kitu kimoja kikubwa na uweke kidole juu yake kwenye ramani.

Bahati yako ni kwamba umepata eneo lenye alama nzuri. Maziwa madogo ya huko yanafanana sana na yanaweza kumpoteza hata mwenyeji, lakini ziwa Jeziorak, refu kuliko yote nchini Poland, lina urefu wa kilomita 27 hivi, ni jembamba, na limelala kuelekea kaskazini na kusini. Halifanani na jingine lolote. Reli ya kutoka Warszawa kwenda Gdańsk hupita Iława, kisha Prabuty, kisha Malbork, ambako ngome kubwa ya matofali mekundu imesimama kando ya mto. Chagua alama ndefu za namna hiyo na uziendee moja kwa moja, kwa sababu ukikosea kidogo bado utaikuta reli, ilhali ukikilenga kijiji kimoja utakipita bila kukiona.

Hesabu ya kukadiria mahali kwa mwendo na muda, ambayo rubani wa ndege yenye injini huitegemea, kwetu ina kasoro moja kubwa: hatuendi moja kwa moja. Ukizunguka kwa dakika sita katika mkondo wa hewa, upepo wa kilomita 20 kwa saa unakusogeza kilomita mbili ukiwa unaona kama uko pale pale. Ukifanya hivyo mara tano umehama kilomita kumi kuelekea upepo unakokwenda, na wanaosahau kuhesabu mizunguko ndio wanaojikuta juu ya mji wasioutambua. Ukitoka katika kila mkondo, rudi kwenye ramani kabla ya kuanza kuteleza.

Dira nayo isomwe ndege ikiwa imenyooka na mwendo umetulia, kwani huko kaskazini mvuto wa sumaku ya dunia huelekea chini kwa mwinamo mkali, na dira hudanganya ndege inapogeuka au kuongeza kasi. Ukiwa umekulia karibu na ikweta, ambako jua la mchana huwa utosini na kwa miezi kadhaa hupita upande wa kaskazini, zingatia kwamba Poland jua la mchana liko kusini mwaka mzima, na majira ya kiangazi hufika kusini kabisa karibu na saa saba mchana kwa saa za huko. Ukitoka katika mzunguko, jua litakupa mwelekeo haraka kuliko dira inayoyumba.

Kompyuta ikinyamaza, hesabu ya kurudi uwanjani inakuwa mikononi mwako. Chukua uwezo wa glaida uliotangazwa na mtengenezaji, ugawanye kwa mbili. ASK 21, ambayo klabu nyingi huitumia kufundishia, huteleza mita 34 kwa kila mita moja ya kimo katika hewa tulivu; wewe hesabu 17. Toa mita 300 za kuzunguka uwanja kabla ya kutua. Ukiwa mita 1,400 juu ya uwanja, zinabaki mita 1,100, yaani kilomita 18 hivi, na upepo ukikukabili umbali huo utapungua zaidi. Kama huna hakika kwamba uwanja uko ndani ya umbali huo, chagua shamba zuri mapema, ukiwa bado na kimo cha kulikagua.

Mwisho, usione haya kutumia redio. Ukiwa karibu na anga inayodhibitiwa, na hasa karibu na mpaka, iite huduma ya taarifa za safari za anga na useme kwamba umepoteza GPS, kimo chako ni hiki, na unakadiria kuwa mahali fulani. Kuomba msaada mapema ni bora mara nyingi kuliko kuingia katika anga iliyofungwa kwa sababu ya kunyamaza.

SWALI: Nimesoma kwamba FLARM huonya glaida zinapokaribiana. Je, itaendelea kunilinda GPS ikipotea?
– Msomaji, Ujerumani

JIBU: Haitakulinda. FLARM, iliyoanza kutumika Uswisi mwaka 2004, hukokotoa mahali ulipo kwa GPS, hukadiria utakapokuwa sekunde chache zijazo, kisha hutangaza makadirio hayo kwa redio ili vifaa vya wenzako viyalinganishe na yao. Bila mahali pa kuanzia hakuna cha kutangaza, kwa hiyo huwaoni wenzako na wao hawakuoni. Baadhi ya vifaa hivyo hupokea pia mawimbi ya transponda, yaani redio za utambulisho za ndege nyingine, na kukadiria ukaribu kwa nguvu ya mawimbi, lakini katika hali hiyo haviwezi kukuambia ndege iko upande gani.

Kinachotutia hofu ni mazoea. Rubani aliyezoea kusikia mlio hufikia kuamini kwamba ukimya ni usalama, na wakati wa mvurugo glaida zote zilizo katika mkondo mmoja hunyamaziana kwa pamoja. Taarifu kwenye redio mara tu unapoona taa ya GPS imezimika, taja kimo chako, zunguka upande ule ule wanaozunguka wenzako, na usiingie katika mkondo kabla ya kuziona kwa macho glaida zote zilizomo. Ukishindwa kumwona mmoja wao, ondoka.

SWALI: Mimi ni mwanafunzi wa urubani. Nasikia kuna mawimbi ya uongo yanayomwonyesha rubani mahali asipokuwapo. Atayatambuaje?
– Msomaji, Nairobi

JIBU: Hayo ni mabaya kuliko kelele, kwa maana kifaa hakikuambii kwamba kimeshindwa, ramani inaendelea kusogea na rangi zake zote zipo. Mtambo hutoa mawimbi yanayoiga yale ya setilaiti, na kipokezi huyafuata.

Rubani wa glaida ana njia kadhaa za kukinasa kifaa kinachodanganywa. Linganisha kimo cha GPS na altimita: tofauti ya makumi ya mita ni ya kawaida, lakini tofauti inayokua ghafla bila hali ya hewa kubadilika ni dalili mbaya. Linganisha mwendo juu ya ardhi na kipima mwendo. Angalia saa ya kifaa, kwa kuwa mawimbi ya uongo mara nyingine huja na muda wa uongo. Na kwa kuwa kompyuta za glaida hukokotoa upepo kutokana na jinsi ndege inavyosukumwa katika mizunguko, upepo wa kilomita 90 kwa saa ukitokea kwenye kioo cha kompyuta ilhali moshi wa shambani unapanda wima, usiamini kitu kingine chochote kilicho kwenye kioo hicho.

SWALI: Je, safari yenye pengo la GPS inaweza kukubaliwa kwa ajili ya nishani?
– Msomaji, Poland

JIBU: Uamuzi ni wa msimamizi rasmi wa safari na chama cha taifa, ila pengo peke yake lisikukatishe tamaa. Lifungue faili la kinasa safari na utazame mistari inayoanza na herufi B: kila mmoja una muda, mahali, kisha herufi A kama setilaiti zilipatikana ipasavyo au V kama hazikupatikana, halafu kimo cha mgandamizo wa hewa na kimo cha GPS. Wakati wa V, kimo cha mgandamizo huendelea kuandikwa, na hicho ndicho kinachoonyesha kwamba hukutua njiani. Jambo zito zaidi ni kama V imeangukia mahali unapopaswa kuthibitisha, kama vile ulipoachia kamba ya kuvutwa au kwenye kituo cha kugeukia. Mpe msimamizi faili lenyewe kama lilivyo, kwa sababu vinasa vilivyoidhinishwa huweka saini ya kidijiti, na ukibadilisha hata herufi moja saini hiyo haitakubalika tena.