Spea za baiskeli kuukuu: ulizia kipimo, siyo jina

Mwenzetu ameuliza atapata wapi spea za Raleigh kuukuu, baiskeli ya Kiingereza, ya breki za rodi, yaani zinazovutwa kwa vyuma badala ya waya. Tairi zimekwisha, kranki inacheza, na kila duka anajibiwa kwamba za baiskeli hiyo hazipo. Zipo nyingi tu, ila ukiulizia kwa jina la baiskeli utaendelea kupewa jibu hilo hilo. Muuzaji anajua tairi ya kipimo gani, pini ya unene gani, gololi za saizi gani. Kwa hiyo kwanza pata kalipa ya vernia, kile kifaa cha kupimia unene na kipenyo, pima, andika, ndipo uende dukani.

Tairi ndizo zinazowapotezea watu pesa. "28" iliyoandikwa ubavuni haitoshi. Baiskeli nyingi za breki za rodi huvaa 28 x 1 1/2, na namba yake ya ISO ni 635, yaani kipenyo cha rimu pale tairi inapokalia ni milimita 635. Zipo tairi nyingine zinaitwa 28 na ni 622. Hizo haziingii kabisa. Ya inchi 27 ni 630, na hiyo ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu inakaribia sana na mtu hushawishika kuilazimisha mpaka waya wa ukingo unaharibika. Agiza kwa namba ya ISO.

Kama rimu nayo imeliwa na kutu, kumbuka kwamba rodi huvuta mpira wa breki kwenda juu, ubane rimu upande unaotazama spoku. Hapo unahitaji rimu ya muundo wa Westwood. Ukiweka rimu ya kawaida huna breki. Hesabu na matundu pia: baiskeli za Kiingereza za zamani mara nyingi zina 32 mbele na 40 nyuma, na rimu ya matundu 36 haitafaa habu hizo, yaani vitovu vya magurudumu.

Sasa kranki. Vikombe vya gololi, vinavyofungwa kwenye fremu pale ekseli ya kranki inapopita, kwenye baiskeli nyingi za Kiingereza vina thredi 24 kwa inchi, lakini Raleigh walitumia 26 kwa miaka mingi. Kikombe cha 24 kitaingia mizunguko michache kisha kitakaza. Kikikaza, kitoe, ukiongeza nguvu unakata thredi za fremu, na fremu ndiyo spea isiyo na mbadala. Kama huna geji ya thredi, hesabu ndani ya nusu inchi: 12 au 13. Tena usivitoe vikombe bila sababu. Visafishe, vitazame kwenye mwanga, pitisha ncha ya kalamu kwenye njia ya gololi. Kama hakuna mashimo, viache humo humo. Badilisha gololi tu, 11 za robo inchi kila upande, na grisi ya kutosha. Ikibidi kutoa, cha kulia hufunguka kwa kuzungusha kuelekea mwendo wa saa.

Kota pini, zile zinazobana mikono ya kranki kwenye ekseli, za Raleigh ni za milimita 9.5. Ziko za 9.0 pia, na ukiweka hizo zitaingia vizuri kisha zitalegea. Pini mpya huja na ubapa mfupi, lazima uupige tupa. Ifunge kwenye jiliwa, piga tupa kidogo kidogo huku ukijaribisha, mpaka thredi zitokeze za kutosha washa na nati. Zote mbili zipigwe pembe ileile, la sivyo mikono ya kranki haitanyooka. Zielekee kinyume: mikono ikilala usawa, nati moja iwe juu na nyingine chini.

Wakati wa kugonga, weka kipande cha bomba la chuma chini ya jicho la kranki, kisimame sakafuni, pini ipate nafasi ya kupita ndani yake. Bila bomba hilo pigo lote linakwenda kwenye gololi na vikombe ulivyovihifadhi. Gonga, kaza nati, gonga tena. Nati kazi yake ni kuzuia pini isitoke. Ukiitumia kuvuta pini, thredi zinachunika. Baada ya kilomita kama 30 rudia. Ukisikia "ko" kila mzunguko wa pedali, pini inacheza, na ukiendelea kuendesha italiwa ekseli yenyewe.

Habu za Sturmey-Archer za giya tatu hazina shida kubwa. Sproketi zake (gia ya mnyororo ya nyuma) zenye meno matatu ya kushikia upande wa ndani bado zinatengenezwa. Pima ekseli tu, maana zina urefu tofauti.

Mahali pa kutafuta: India bado inatengeneza baiskeli za muundo huu, kwa hiyo tairi za 635, mipira ya breki na rodi zake zinapatikana mpya. Pini za bei ya chini nakushauri uziache. Chuma chake ni laini, zinapondeka mapema. Vikombe vya thredi 26, ekseli na nati zake ni bora uvitoe kwenye baiskeli chakavu, na kununua chakavu nzima mara nyingi ni nafuu kuliko kimoja kimoja. Ukinunua mtandaoni, omba picha ya kifaa kikiwa ndani ya kalipa, namba zisomeke. Na vile vya zamani usivitupe mpaka vipya vimekaa na umeendesha.