Nimewashinda wa pakingi, nauli yangu nani atairudisha?

*Muulize Dereva: safu ya maswali ya wasomaji wenye magari na visa vyao*

Kaka Dereva, shikamoo kama umenizidi, na kama hujanizidi basi habari za kazi. Mimi ni mlezi wa wazee huku Midlands, Uingereza, nafanya zamu za usiku. Mwaka jana nilipaki kwenye maegesho ya maduka, nikalipa paundi 2.40 kwenye mashine, lakini nilipoandika namba ya gari nikabonyeza herufi O badala ya sifuri. Kampuni ya maegesho ikanitoza paundi 100. Nikawatumia picha ya risiti siku ile ile nilipopata barua yao. Hawakusikia. Deni likapanda hadi 170 kwa kile walichokiita gharama za kufuatilia, mwisho wakanipeleka mahakamani. Nikajitetea mwenyewe. Kesi ilikuwa isikilizwe Jumatatu asubuhi. Ijumaa saa 10 jioni wakatuma barua pepe kwamba wameiondoa! Lakini zamu yangu ya Jumapili usiku alishapewa mtu mwingine, tiketi ya treni ya paundi 18.60 hairudishwi, nimechapisha kurasa 62, nimenunua stempu, na mtoto nilishamlipia mwangalizi. Naweza kuwadai? Mume wangu anasema nimshukuru Mungu niache.
Mama Zamu

Marahaba, maana barua yako yenyewe inaniambia nimekuzidi. Mumeo msalimie, kumshukuru Mungu ni sawa, ila hilo la kuacha bado mapema.

Mimi si wakili. Ni dereva wa gari la vifurushi, na mbele ya hakimu nimeketi mara moja tu maishani, nikatoka na ushindi mkono mmoja na hasara mkono wa pili. Madai madogo ya huku hayasikilizwi kwenye ukumbi wenye wigi na kizimba. Ni chumba tu, meza, jagi la maji, hakimu na kompyuta yake. Upande wa pili alikaa kijana wakili aliyekodiwa kwa siku hiyo moja, begi lake la magurudumu bado lina kibandiko cha treni. Baada ya dakika 40 hakimu akasema madai yametupwa. Kisha akaniangalia juu ya miwani akauliza: kuna lolote kuhusu gharama?

Nikajibu, "Hapana, asante."

Adabu ya kwetu hiyo. Umekaribishwa, umekula, umeshiba, utaombaje tena nauli ya kurudi? Kwenye korido yule kijana alicheka kidogo akaniambia, ungeomba nisingekuwa na la kupinga. Nikapiga hesabu nikiwa nimekaa kwenye gari. Maili 38 kwenda na 38 kurudi, kwa 45p kila maili, ni paundi 34.20. Siku ya kazi niliyokosa, paundi 95. Jumla 129.20, nimeziacha mezani karibu na jagi la maji.

Nakueleza haya kwa sababu kushinda na kurudishiwa ni mambo mawili, na la pili halijileti. Huku England na Wales (Scotland wana taratibu zao), kesi za madai madogo ziliwekwa makusudi ili mtu aende bila wakili na bila hofu ya kubebeshwa gharama za mwenzake. Hofu hiyo ikiondolewa kwako, imeondolewa kwa kampuni pia. Aliyeshinda harudishiwi kila senti aliyotoa. Kanuni ya 27.14 ya Civil Procedure Rules, yaani kanuni zinazoongoza kesi za madai, inataja vitu vichache: nauli ya kwenda kusikilizwa na kurudi, malazi kama ililazimu kulala huko, na mshahara au likizo iliyopotea kwa kuhudhuria, mwisho paundi 95 kwa siku kwa mtu mmoja. Ukikosa zamu ya 140, sheria inaona 95. Mwangalizi wa mtoto hayumo kwenye orodha hiyo. Usiku ulioamka unasoma sheria kwenye simu nao haumo.

Sasa kwako kuna kikwazo kingine: hukuhudhuria, kwa sababu hakukuwa na cha kuhudhuria. Na hapo ndipo watu wengi wanapotoshwa na wajuaji. Utaambiwa kwamba anayeondoa kesi lazima amlipe mwenzake. Kweli, kanuni ya 38.6 inasema hivyo, lakini kanuni hiyo hiyo inazitoa kesi za madai madogo. Kwa hiyo Ijumaa saa 10 jioni kampuni inaweza kubonyeza kitufe na kwenda zake nyumbani, bila deni la moja kwa moja kwako.

Mlango uliobaki ni mmoja, na ni mwembamba: kumwonyesha hakimu kwamba mwenendo wao haukuwa na maelezo ya maana. Kipimo hicho ni cha zamani kidogo, kimetoka kwenye kesi ya Ridehalgh v Horsefield ya 1994, na mwaka 2017 Mahakama ya Rufani ilikirudia kwa madai madogo katika Dammermann v Lanyon Bowdler. Kushindwa peke yake hakutoshi. Kuondoa kesi peke yake nako hakutoshi, kwa maana mtu anaruhusiwa kubadili mawazo, na mahakama hazipendi kumwadhibu anayekubali yaishe. Swali ni hili: je, walichofanya kina maelezo ya busara?

Na wewe, dada yangu, una kitu ambacho wengi hawana. Una ile risiti. Usiwaandikie mahakama kwamba "walinisumbua", kila mtu husema hivyo. Weka tarehe mbili kwenye karatasi. Tarehe ya kwanza, siku uliyowatumia picha ya risiti inayoonyesha paundi 2.40, saa, na namba ya gari lako yenye O mahali pa sifuri. Tarehe ya pili, ile Ijumaa. Kisha uliza: kati ya tarehe hizi mbili kampuni ilipata ushahidi gani mpya? Kama jibu ni hakuna, basi kilichowafanya waondoe kesi Ijumaa kilikuwa mezani kwao tangu siku ya kwanza, na bado walikuburuza miezi yote hiyo, wakaongeza 70 juu, wakangoja hadi umeshanunua tiketi ya treni. Watoe wao maelezo. Mimi ningekuwa hakimu ningependa kuyasikia.

Ukifanikiwa kwenye mlango huo, unaruhusiwa pia kudai muda wako wa kuandaa utetezi, kwa kiwango cha saa kilichowekwa kwa mtu anayejitetea bila wakili. Haki hiyo ya asiye na wakili imetokana na sheria ya 1975. Hapa nakuomba usijiharibie. Nilishaonyeshwa orodha ya jamaa aliyeandika saa 30 kwa faini ya paundi 100. Hakimu anajua utetezi wa kurasa tano hauchukui saa 30, na akishaiona moja iliyotiwa chumvi, hata stempu zako zitamtia shaka. Andika saa 5 au 6 kama ndizo kweli, na ueleze kila moja ilikwenda wapi.

Orodha yenyewe iwe ukurasa mmoja. Mstari mmoja kitu, mstari mmoja kiasi, jumla chini. Tiketi ya treni, na picha yake. Zamu iliyopotea, pamoja na kibarua kutoka kwa meneja wako kinachosema ulikuwa umepangwa Jumapili usiku ukabadilishwa kwa ajili ya kesi. Hii ni muhimu kwako, maana kwa mtu wa mchana hakimu anaelewa haraka, lakini wa usiku lazima aelezwe kwa nini zamu ya Jumapili inahusiana na kesi ya Jumatatu asubuhi. Karatasi na wino, kiasi cha kawaida. Mwangalizi wa mtoto muweke mstari wa mwisho. Akikatwa, wengine wabaki salama.

Ipeleke mahakamani wiki hii hii, si mwezi ujao, ukiwa umeandika namba ya kesi juu, ukitaja kanuni ya 27.14(2)(g), ile ya mwenendo usio na busara, na nakala moja iende kwa kampuni. Omba hakimu aamue kwa kusoma karatasi. Ofisi ya mahakama ikikujibu kwamba wanataka ombi rasmi la kulipia ada, simama kwanza uulize ni kiasi gani, kwa sababu ada inaweza kuzidi unachodai, na hapo ndipo mumeo atakuwa amesema kweli. Hakimu akikubali, kwa kawaida watakuwa na siku 14 za kulipa.

Ushauri huu ungekuwa mfupi kama ungeniandikia Alhamisi. Anayesubiri siku yake ya kusikilizwa aandae orodha hiyo mapema, awatumie kampuni nakala kabla, na aingie nayo chumbani. Mimi siku hizi karatasi hiyo naibeba kwenye faili la plastiki hata nikienda kumsindikiza mtu tu. Hakimu akiuliza, jibu ni "Ndiyo, ninayo hapa."

Bwana Dereva, mimi niko Croydon. Nimeshinda rufaa ya PCN, ile ilani ya kutozwa faini, ya halmashauri. Mwamuzi kasema alama za barabarani zilikuwa zimefutika. Nilipoteza nusu siku kazini kwa ajili ya kusikilizwa kwa simu. Nataka paundi 60 zangu.
Fundi Bomba

Pole na hongera. Herufi ni zile zile tatu, PCN, lakini ya halmashauri ni adhabu ya kisheria na ya kampuni binafsi ni dai la mkataba, kwa hiyo hata njia za kudai ni tofauti. Wewe ulikwenda London Tribunals. Walio nje ya London, na Wales, huenda Traffic Penalty Tribunal. Rufaa ni bure kote kuwili, na kwa sababu ni bure, gharama hazirudishwi isipokuwa upande mmoja umefanya mzaha, umefanya usumbufu wa makusudi, au mwenendo wake haukuwa na busara hata kidogo. Ona neno hilo: hata kidogo. Ni kali kuliko lile la Mama Zamu.

Alama zilizofutika ni uzembe, sijui kama zinafika huko, na kwa maoni yangu hazifiki. Ungekuwa uliwatumia picha za alama hizo mwanzoni, wakakujibu kwa barua ya kunakili isiyogusa picha hata moja, ningekwambia jaribu, na uwaandikie waamuzi mara moja. Vinginevyo andika malalamiko ya kawaida kwa halmashauri yenyewe, kwa upole, ukitaja nusu siku na paundi 60. Halmashauri haikatazwi kukulipa kwa hiari. Nimeona mtu mmoja akitumiwa paundi 25 na barua ya samahani; barua kaitia fremu.

Mzee, gari langu lilivutwa na halmashauri. Nililipa faini na pesa ya kulitoa yadi, halafu nikashinda rufaa. Na teksi ya kwenda yadi?
Mchovu wa Yadi

Faini na pesa ya kulitoa gari zote zinarudi, na hazihitaji ubishi wa mwenendo wa nani. Rufaa ikikubaliwa halmashauri inatakiwa kukurudishia. Angalia tu zisije zikarudi nusu: linganisha na risiti mbili ulizopewa dirishani, ya faini na ya kuvuta. Teksi ihesabu sadaka, labda uombe kwa upole kama nilivyomwambia Fundi Bomba.